Kuishi juu sana milimani: mwili unazoea kweli au unavumilia tu?

#1 Mdadisi Sugu
Wakuu, salaam.

Tangu shuleni tunaambiwa kwamba mtu akihamia nyanda za juu sana, mwili unaongeza damu, na baada ya wiki chache ameshazoea. Ukiangalia vipimo, maelezo hayo hayasimami. Duniani kuna watu zaidi ya milioni 80 wanaoishi juu ya mita 2,500: Tibet, milima ya Andes kule Peru na Bolivia, nyanda za juu za Ethiopia. Kama siri ingekuwa damu tu, wote hawa wangekuwa na damu nzito kutuzidi sisi wa chini. Watu wa Andes ndiyo, hemoglobini yao, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, iko juu. Ila Mtibeti anayeishi mita 4,000 hemoglobini yake inakaribiana na ya mtu wa ufukweni.

Hoja yangu ni hii: kuongezeka kwa damu siyo kuzoea. Ni ishara kwamba mwili umekosa njia nyingine iliyo bora. Anayepinga alete hoja.

#2 Kocha Mstaafu
Napinga mimi. Wakimbiaji wanapelekwa kambi za milimani kwa ajili ya hichohicho unachokiita kukosa njia. Wanakaa wiki tatu au nne, damu inapanda, wakishuka muda wao unapungua. Mwaka 1997 Wamarekani Levine na Stray-Gundersen walionyesha kwamba inayofaa zaidi ni kulala juu, karibu mita 2,500, halafu mazoezi makali unayafanyia chini, karibu mita 1,250. Damu ni mali, mkuu. Anayeidharau hajawahi kukimbia mizunguko 25 ya uwanja.

#3 Binti Fizikia
Kabla hamjafika mbali tuweke msingi, maana naona huko mbele mtu atasema "kule juu hakuna oksijeni". Oksijeni ipo, na sehemu yake katika hewa haibadiliki: ni asilimia 21 ufukweni, ni asilimia 21 kileleni Everest. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa yenyewe. Ukifika mita 5,500 imebaki karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari. Kileleni Everest, mita 8,849, imebaki kama theluthi. Kwa hiyo kila pumzi unayovuta ina chembe chache za oksijeni, na zinasukumwa kwa nguvu ndogo kuingia kwenye damu. Mfaransa Paul Bert alilithibitisha jambo hili kwa majaribio na kuliandika mwaka 1878. Kabla yake watu walilaumu baridi, uchovu, hata mvuke wa madini ardhini.

Kuna padri mmoja Mhispania, José de Acosta, alikuwa karibu sana na ukweli. Mwaka 1590 alieleza jinsi alivyougua akivuka mlima Pariacaca huko Peru, akasema hewa ya pale ni nyepesi mno kwa pumzi ya binadamu. Hakuwa na kipimo chochote mkononi.

#4 Msomaji Tu
Nimeweka kigoda. Endeleeni.

#5 Nesi wa Zamu
Naomba niongeze upande wa mwili, kwa sababu wote wawili, #1 na #2, mmerukia damu wakati damu ndiyo inayochelewa kuliko vyote.

Ukifika juu, kinachoanza ni pumzi. Shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika, kuna vinundu vidogo vinavyopima oksijeni ya damu. Vikihisi imepungua vinaamuru uheme zaidi, na hiyo ni ndani ya dakika. Moyo unaongeza mapigo. Sasa ukihema sana unatoa kabonidioksidi nyingi, damu inapoteza asidi yake, na ubongo unaanza kuzuia pumzi usiku. Ndiyo maana aliyelala naye hema moja atakwambia "ulikuwa unaacha kupumua". Unahema, unanyamaza, unashtuka, unahema tena. Figo ndizo zinazokuja kurekebisha kwa kutoa bikabonati kwenye mkojo, kazi ya siku kadhaa. Dawa ya asetazolamidi inaharakisha hatua hiyohiyo ya figo, wala haiongezi oksijeni kama watu wanavyodhani.

Na damu? Siku za mwanzo hemoglobini inapanda kwenye kipimo, lakini chembe nyekundu mpya bado. Kilichotokea ni kwamba maji ya damu, ile plazma, yamepungua, hivyo chembe zilezile zinaonekana nyingi. Homoni ya EPO kutoka kwenye figo inapanda ndani ya saa chache, ila chembe mpya za kutosha ni suala la wiki. Mtu akikwambia baada ya siku tatu "damu yangu imeongezeka", mwambie imekauka kidogo.

#6 Mdadisi Sugu
Shukrani Nesi, hapo kwenye plazma umenipa silaha. Kocha unaona?

#7 Kocha Mstaafu
Naona nini? Nimesema wiki tatu au nne, sikusema siku tatu. Soma tena #2 taratibu.

#8 Mkwezi
Nimefanya kazi ya kuongoza wageni milimani kwa muda mrefu na kuna kitu kimoja hakijatajwa: hakuna anayeweza kukuambia nani atazidiwa. Kijana mwenye misuli, anakimbia kila asubuhi, ndiye anayetapika kambini mita 3,800. Mama wa miaka 60 anayekwenda polepole anafika juu akiwa anaongea. Ubora wa mazoezi haukulindi. Tena unaweza kukuumiza, kwa sababu mwenye nguvu anakwenda haraka.

Tunachokifuata ni kutoongeza zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa siku ukishapita mita 3,000, na kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Panda juu, lala chini. Mgeni akianza kuyumba kama mlevi au kukohoa akiwa amekaa, hatujadiliani naye. Anashushwa, hata kama ni usiku wa manane. Nimeona watu wakigombana na kiongozi wao kwa sababu wamelipa hela nyingi kufika kileleni. Mapafu yakijaa maji hayajui umelipa ngapi.

#9 Nesi wa Zamu
Mkwezi, Mungu akubariki. Kuyumba ni ubongo umevimba, kukohoa na kuhema ukiwa umekaa ni mapafu yanajaa maji. Vyote viwili vinaua, na dawa ya kwanza ni kushuka. Kuyumba wasikusingizie uchovu.

#10 Chembechembe
Nirudi kwenye swali la #1 maana ndilo tamu. Watibeti wana jeni iitwayo EPAS1 katika sura ambayo ni nadra sana kwingineko. Jeni hii ni sehemu ya mfumo unaohisi upungufu wa oksijeni ndani ya seli, mfumo uleule uliowapa Kaelin, Ratcliffe na Semenza tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kwa mtu wa kawaida mfumo ukihisi upungufu unapiga kelele: tengeneza EPO, tengeneza damu. Kwa Mtibeti sauti hiyo imepunguzwa. Mwaka 2010 tafiti kadhaa zilitoka kwa pamoja zikaonyesha hivyo, pamoja na jeni nyingine iitwayo EGLN1.

Halafu mwaka 2014 ikaja kubwa zaidi: sura hiyo ya EPAS1 haikutoka kwa binadamu wa aina yetu. Waliirithi kwa Wadenisova, ndugu zetu wa kale waliotoweka, mababu walipozaliana nao.

Kwa hiyo Mdadisi uko sahihi nusu. Damu kuongezeka ni mwitikio wa dharura, na Watibeti wamerithi kinachoizuia.

#11 Mzee wa Hoja
Chembechembe, hapo pana shimo. Wadenisova walitambuliwa kwa mfupa wa kidole uliotoka pango la Denisova, Siberia. Pango lile liko mita 700 tu kutoka usawa wa bahari. Watu wanaoishi mita 700 walihitaji jeni ya milimani kwa ajili ya nini? Naona tunashona hadithi nzuri juu ya kidole kimoja.

#12 Chembechembe
Swali zuri, na limeshapata jibu la kiasi fulani. Mwaka 2019 ilitangazwa taya iliyotoka pango la Baishiya, wilaya ya Xiahe, ukingoni mwa nyanda za juu za Tibet, mita 3,280. Mtawa aliiokota mwaka 1980 na ilikaa miaka mingi bila kujulikana ni ya nani. Protini za jino ndizo zilizoitambulisha kuwa ya Mdenisova, na umri wake si chini ya miaka 160,000. Walikuwa wanaishi juu kabla aina yetu haijafika huko.

#13 Mzee wa Hoja
Hiyo inathibitisha kwamba walikuwepo. Haithibitishi kwamba taya ile ilikuwa na jeni hiyo, maana umesema mwenyewe ni protini, siyo DNA. Wengine wanaweza kusema jeni ilikaa tu ndani ya watu kwa maelfu ya miaka bila kazi, hadi walipopanda juu ikawa na faida. Hayo ni maelezo mawili tofauti na taya haichagui.

Na mimi nina la tatu. Mnaruka utoto. Frisancho, aliyefanya utafiti Peru kuanzia miaka ya 1960, alikuta kwamba mtu wa chini akipelekwa juu akiwa mtoto, akikua anakuwa na uwezo wa kutumia oksijeni unaokaribia wa wenyeji. Akienda akiwa mtu mzima hafiki hapo hata akae miaka. Jeni zao hazikubadilika njiani. Kilichobadilika ni kwamba mapafu yalikua yakiwa yanahitajiwa. Vifua vipana vya watu wa Andes vinavyosifiwa, sehemu yake ni malezi ya mwinuko.

#14 Msomaji Tu
Mzee leo kaamka vizuri.

#15 Mama Wawili
Nimesoma yote. Nataka kuleta jambo ambalo wanaume humu mmelipita.

Mimba yangu ya kwanza niliibebea karibu na bahari. Ya pili niliibebea La Paz, Bolivia, mita 3,600 na zaidi, mume wangu akiwa masomoni. Nilikula vizuri, kliniki sikukosa, mtoto alitimiza miezi yake. Alizaliwa mdogo, mdogo kabisa ukilinganisha na kaka yake. Daktari wa kule alivyomwangalia hakushtuka. Akaniuliza kama mimi ni wa kuja. Jirani yangu, mwanamke wa Kiaymara, wenyeji wa Andes, alijifungua mwezi uleule, mtoto wake mnene mashallah. Tulikuwa tunakula kwenye soko lile lile, tunapanda ngazi zilezile. Mimi nikipumzika kila kona, yeye amebeba mzigo mgongoni na tumbo mbele.

Wanangu wote wana afya njema sasa. Lakini kila nikisikia "mwili unazoea" najiuliza, mwili wa nani? Mimi kichwa kiliacha kuuma baada ya wiki ya kwanza, nikadhani nimezoea. Aliyekuwa tumboni hakuulizwa.

#16 Nesi wa Zamu
Pole na hongera dada. Ulichokiona kinajulikana vizuri: uzito wa mtoto anapozaliwa unapungua kwa takriban gramu 100 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Lakini upungufu huo siyo sawa kwa wote. Wanawake wa Kitibeti na wa asili ya Andes watoto wao wanapungua kidogo kuliko wa wageni. Sababu kubwa ni kwamba mshipa unaopeleka damu kwenye mji wa mimba kwao unapanuka vizuri zaidi wakati wa ujauzito. Kwa mgeni haupanuki kiasi hicho.

Pia kifafa cha mimba kinaongezeka sana kwenye miinuko mikubwa. Mwanamke anayehamia juu akiwa mjamzito apimwe presha mara kwa mara, hili nasema kwa msisitizo.

#17 Chembechembe
Dada Mama Wawili, umegusa pale ambapo uteuzi wa asili unafanya kazi. Tunazungumzia wapanda milima na wakimbiaji, kumbe mlima unachagua uzazini. Mji wa Potosí, Bolivia, ulianzishwa mwaka 1545 kwa sababu ya madini ya fedha, karibu mita 4,000. Mtawa Calancha aliandika mwaka 1639 kwamba ilipita miaka 53 ndipo akapatikana mtoto wa Kihispania aliyezaliwa pale na akaishi. Wanawake wa Kihispania walikuwa wanashuka mabondeni kujifungua. Wakati huohuo wenyeji wanazaa hapohapo.

#18 Mzee wa Hoja
Na hao wenyeji wanaozaa hapohapo ndio wenye damu nyingi, Chembechembe. Watu wa Andes. Kwa hiyo damu nyingi haikuwazuia kuzaa. Hoja ya #1 imeanza kuvuja.

#19 Kocha Mstaafu
Ahsante Mzee! Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Mnaotaka ushahidi zaidi angalieni mpira. Bolivia inacheza La Paz, mwezi wa nne 2009 Argentina ya Maradona akiwa kocha na Messi uwanjani ilipigwa 6–1. FIFA ikaona hii si haki, ikapiga marufuku mechi za kimataifa juu ya mita 3,000. Kama wenyeji hawana kitu cha ziada, hofu ya nini?

#20 Dakika Tisini
Kocha, umepindua mambo. Marufuku ilitangulia: FIFA ilitangaza mwaka 2007, kwanza mita 2,500, ikapandishwa hadi 3,000, na ikaondolewa mwaka 2008. Ile 6–1 ilikuja baada ya marufuku kufutwa. Na mwaka 2024 Bolivia wamepanda zaidi, wamehamishia mechi El Alto, juu ya mita 4,000, wakaanza kwa kuwafunga Venezuela 4–0.

Kitu kingine, siyo mapafu tu. Hewa nyepesi haizuii mpira, unakwenda kasi na haupindi kama ulivyozoea. Kipa wa chini anadanganywa na macho yake mwenyewe.

#21 Binti Fizikia
Dakika Tisini yuko sawa kuhusu mpira. Ndivyo ilivyokuwa Olimpiki ya Mexico City 1968, mita 2,240. Bob Beamon aliruka mita 8.90, na mbio fupi zilivunja rekodi, kwa sababu hewa inayopinga mwili ni kidogo na mbio fupi hazingoji oksijeni. Mbio ndefu zikawa kilio. Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia ya mita 10,000, alimaliza wa sita akaanguka, akapewa oksijeni uwanjani.

#22 Kocha Mstaafu
Na nani walishinda? Naftali Temu mita 10,000, Kipchoge Keino 1,500 kwa dakika 3 sekunde 34.9, Amos Biwott kuruka viunzi na maji, Mamo Wolde marathoni. Mbio zote ndefu zilichukuliwa na waliozaliwa nyanda za juu.

#23 Dakika Tisini
Zote isipokuwa mita 5,000, Kocha. Ile aliichukua Mohammed Gammoudi wa Tunisia, Keino wa pili, Temu wa tatu. Na rekebisha hoja yako: nyanda ambazo Keino na Temu walikulia ni mita 2,000 hivi. Huko si Tibet. Huwezi kumtumia Keino kuelezea anayelala mita 4,500.

#24 Mwana wa Ras
Mbona mmeitaja Ethiopia mstari mmoja tu kwenye #1 mkaikimbia? Ndiyo inayovuruga pande zote mbili.

Cynthia Beall, mwanaanthropolojia Mmarekani ambaye amezunguka sehemu zote tatu, alipima Waamhara wanaoishi mita 3,530, matokeo yakatoka mwaka 2002. Hemoglobini yao kama ya watu wa usawa wa bahari. Na oksijeni kwenye damu yao pia karibu kama ya usawa wa bahari! Mtibeti hemoglobini yake iko chini lakini oksijeni ya damu yake nayo iko chini. Watu wa Andes hemoglobini juu. Mwamhara yuko peke yake. Na hawana ile sura ya EPAS1 ya Wadenisova.

Halafu kuna Waoromo wa milima ya Bale, ambao jamii yao ilipanda huko miaka kama 500 iliyopita. Wao hemoglobini yao inapanda zaidi kuliko ya Waamhara. Nchi moja, mwinuko unaofanana, majibu mawili. Kwa hiyo wanaosema muda ndio unaoamua wana ushahidi hapa.

Na binadamu walikuwa Bale zamani sana. Pale Fincha Habera, mita 3,469, kuna pango waliloishi watu kati ya miaka 47,000 na 31,000 iliyopita. Walikuwa wanaoka fuko wakubwa na kupanda juu zaidi kutafuta mawe ya kioo cha volkano kwa ajili ya zana.

#25 Mdadisi Sugu
Mwana wa Ras, hii ndiyo niliyokuwa naingoja. Waliokaa muda mfupi damu inapanda, waliokaa muda mrefu haipandi. Nani bado anasema damu ni kuzoea?

#26 Mzee wa Hoja
Usishangilie mapema. Watu wa Andes wamekaa huko zaidi ya miaka 10,000, si miaka 500, na damu yao bado iko juu. Muda hauelezi. Labda kila jamii ilifanya kazi na jeni zilizokuwepo mkononi, kama huna ya Wadenisova huna. Au labda damu kiasi fulani inafaa na iliyozidi ndiyo inaumiza.

#27 Nesi wa Zamu
Hiyo sentensi ya mwisho ya Mzee ndiyo ninayoiamini mimi. Iliyozidi inaumiza, na ina jina. Carlos Monge wa Peru aliieleza mwaka 1925: mtu ameishi juu miaka mingi bila tatizo, halafu damu inaendelea kupanda bila breki. Mwanaume hemoglobini inafika gramu 21 kwa desilita au zaidi, mwanamke 19. Midomo inakuwa ya bluu, masikio yanavuma, kichwa kinauma, usingizi hakuna. Damu imekuwa kama tope kwenye mfereji mwembamba, moyo unasukuma hadi unachoka. Tiba yake ya kweli ni kushuka, na wengi hawana pa kushukia kwa sababu kazi iko huko.

La Rinconada, Peru, karibu mita 5,100, ndio mji wa juu kuliko yote duniani. Watu makumi ya maelfu wanachimba dhahabu, na ugonjwa huu umejaa. Ila wapo wengine palepale wenye hemoglobini ileile ya kutisha wanaofanya kazi bila malalamiko. Kwa Watibeti ugonjwa huu ni nadra, kwa Wachina wa Han waliohamia Tibet unaonekana zaidi.

#28 Mkwezi
Mita 5,100 mtu anaishi na familia? Wageni wangu wakifika 4,700 wanaandika wosia.

#29 Binti Fizikia
Wanaishi, ila inaonekana ndipo mpaka ulipo. Majira ya baridi ya 1960–61 wanasayansi waliokuwa na Griffith Pugh walikaa kwenye kibanda mita 5,800 Himalaya kwa miezi. Walikuwa vijana wenye afya, chakula kipo, joto lipo, na bado waliendelea kupungua uzito. Na kule Aucanquilcha, Chile, wachimba salfa walilala mita 5,300 na kupanda kila siku kwenda kazini juu zaidi. Walipojengewa kambi karibu na machimbo walikataa kukaa: hamu ya chakula ilipotea na usingizi pia. Wenyeji wa Andes hao, si wageni.

#30 Chembechembe
Hapo ndipo neno "kuzoea" la #1 linapopata mpaka wake. Chini ya mita 5,000 mwili unatafuta mizani mpya. Juu ya hapo unakula akiba yake.

Mdadisi, kuhusu Watibeti, nakuongezea utata. Damu yao ni ya kawaida, oksijeni kwenye damu iko chini, basi misuli inapata wapi? Utafiti wa 2007 kwa watu wa mita 4,200 ulikuta mazao ya nitriki oksaidi, gesi inayopanua mishipa, kwenye damu yao ni zaidi ya mara kumi ya watu wa usawa wa bahari, na damu inayopita mkononi zaidi ya maradufu. Mishipa yao inafunguka. Hawabebi mzigo mkubwa kwa kila safari, wanafanya safari nyingi. Na wanahema zaidi kuliko watu wa Andes hata wakiwa wamekaa.

#31 Kocha Mstaafu
Basi ni mishipa, siyo kutokuwa na damu. Wakipewa mishipa hiyo na damu ya Andes wangekimbia hadi mwezini.

#32 Mzee wa Hoja
Au wangepata ugonjwa wa Monge na mishipa mipana. Hatujui, Kocha.

#33 Mama Mkubwa
Samahani kuwakatisha. Mwanangu ana vinasaba vya selimundu, amerithi kwa mzazi mmoja tu, haumwi. Amechaguliwa kwenda safari ya kupanda mlima mrefu na wenzake. Je, inamhusu?

#34 Nesi wa Zamu
Inamhusu mama, tena umefanya vizuri kuuliza. Mwenye jeni moja kwa kawaida haumwi, lakini oksijeni ikishuka sana chembe zake zinaweza kujipinda na kuziba mishipa ya bandama. Maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu akiwa juu ni dharura, ashushwe mara moja. Aonwe na daktari kabla ya safari, na viongozi wa msafara waambiwe wazi. Asifiche kwa kuona aibu.

#35 Mkwezi
Nakazia. Fomu zetu zina swali hilo na watu wengi wanaliruka. Mama, mwambie kiongozi mwenyewe kwa mdomo, usitegemee fomu.

#36 Mama Mkubwa
Nimewaelewa, ahsanteni wanangu.

#37 Dakika Tisini
Swali la kinyume ambalo hakuna aliyegusa: aliyezaliwa na kukulia mita 4,000 akihamia chini inakuwaje?

#38 Nesi wa Zamu
Hemoglobini yake inashuka ndani ya wiki kadhaa, na wenye ugonjwa wa Monge wengi wanapata nafuu. Presha ya mishipa ya mapafu nayo inapungua. Kifua kipana anabaki nacho.

#39 Mama Wawili
Na akirudi juu kusalimia baada ya muda chini, awe mwangalifu. Jirani yangu wa Kiaymara alikuwa na mpwa, mtoto wa huko huko, alikwenda bondeni likizo akarudi, usiku wa pili mapafu yakajaa maji. Kwao wanalijua hilo, walimkimbiza hospitali bila kubishana. Alipona.

#40 Mdadisi Sugu
Dada, huyo mtoto ana jeni za huko, kazaliwa huko, kakulia huko. Vyote tulivyobishania tangu #10 anavyo. Na likizo moja imetosha kumrudisha nyuma? Chembechembe, Mzee, hii mnaielezaje?

#41 Mzee wa Hoja
Kwangu inasema mwili hauweki akiba. Unazoea kwa kutumia, ukiacha unasahau.

#42 Chembechembe
Kwangu inasema kuhusu mishipa ya mapafu peke yake. Oksijeni ikipungua mishipa ya mapafu hubana, na mtoto wa nyanda za juu ana mishipa yenye misuli minene, hivyo ikibana baada ya kupumzika inabana kwa nguvu mno. Tatizo hilo linafahamika vizuri kwa watoto wa Andes. Linganisha na Watibeti ambao mishipa yao ya mapafu haibani sana. Kesho nikipata nafasi nitaleta habari za ng'ombe wa Colorado wanaovimba kifua kwa sababu hiyohiyo, maana nao wana jeni inayohusika na ni EPAS1 vilevile.

#43 Kocha Mstaafu
Ng'ombe tena! Leta, tunasubiri.